Swali la Sita kwenye Fomu ya Chelimo

Mimi ni Cheptoo. Dada yangu mdogo, Chelimo, alipokaa nyumbani miaka miwili bila kazi baada ya chuo kikuu, mimi ndiye niliyesikia maneno yote. Tulikuwa tunachuma majani chai pamoja hapa Kapkatet, vikapu mgongoni, na majirani wanauliza kwa sauti ya juu makusudi, "Digrii ya hesabu inachuma kilo ngapi?" Hao hao walimshauri akafundishe shule ya msingi, eti mchagua jembe si mkulima. Niliwajibu vibaya, na sijutii.

Kazi aliyoitaka ilikuwa ya kampuni ya bima: kupiga hesabu watu wataishi miaka mingapi, ili kampuni ijue itoze kila mmoja kiasi gani. Aliandika barua kumi na nne. Mwezi wa Mei 1996 kampuni moja ya Nairobi ikamwita intavyuu, na nafasi ilikuwa moja tu.

Alirudi Jumanne, uso umemshuka. Maswali yote ya hesabu aliyajibu, alisema. Halafu mkubwa wao, Bwana Gichana, akampa fomu ile wanayojaza wateja. Aijaze kuhusu familia yake mwenyewe, kisha aeleze angemtoza nini mtu kama huyo. Swali la sita liliuliza: mama yako alizaa watoto wangapi, wangapi wamefariki, wakiwa na umri gani, kwa ugonjwa gani?

Chelimo aliliacha wazi.

"Wee! Na si ungeandika tu wanne?"

"Nina hakika gani?"

Hapo alinishika. Kwetu watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe. Ukimuuliza Mama ana wangapi, atakutajia Cheptoo, Mathew, Johana na Chelimo, basi. Kutaja idadi ni kukiita kifo kije kupunguza. Na waliokufa ndio kabisa, hawatajwi.

"Nilimweleza Gichana," akasema. "Akacheka. Akaniambia, unataka kuhesabu vifo vya Kenya nzima na vya kwenu huvijui? Nirudi Ijumaa fomu ikiwa imejaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine."

"Andika sifuri. Nani atatoka Nairobi aje kutuchunguza?"

"Na kama si sifuri? Kazi yenyewe ndiyo hii, Cheptoo. Nikiianza kwa kudanganya nitaacha lini? Njia ya mwongo ni fupi."

"Ya mwenye njaa ni fupi zaidi!"

Tulipandishiana sauti mpaka Mama akatoka jikoni, sufuria ya maziwa mkononi. Akauliza tunapigania nini. Chelimo akamsomea swali. Nilidhani atatufukuza sote wawili, maana Mama yetu, Rebeccah, si mtu wa kuchezewa. Badala yake aliweka sufuria chini, akaketi.

"Wangapi sitasema," akasema. "Andika majina."

Chelimo akachukua kalamu.

"Kipruto. Nilimzaa njiani tukitoka Sigor. Surua ilimchukua akiwa ameanza kukimbia. Halafu Chepkurui. Huyo hakumaliza miezi minane, ni kifua." Akanishika goti. "Halafu huyu, Cheptoo."

Miaka thelathini na mbili nimeitwa kifungua mimba! Niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasome, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Nililia, tena kwa hasira.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopea. Nilisema nisipowataja, labda kifo kitasahau njia ya nyumba hii."

Chelimo alikuwa bado anaandika, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye fomu.

Ijumaa aliirudisha ikiwa na majina pale palipotakiwa idadi. Bwana Gichana alisoma polepole, na safari hii hakucheka. Akauliza angemtoza nini mtu huyo. Chelimo akasema bei ya kawaida, kwa kuwa maradhi ya utotoni yaliyowaua wale wawili hayamtishi aliyekwisha kuvuka ishirini. Akaambiwa aanze kazi tarehe moja.

Jumamosi alipofika na habari hiyo nilipiga kelele mpaka majirani wale wale wakaja kuona kuna nini. Niliwaambia digrii imechuma. Mama hakuuliza habari za mshahara. Alingoja watu wapungue, akamvuta Chelimo kando.

"Huyo mkubwa aliyasoma kwa sauti?"

"Kwa sauti, Mama. Kipruto, halafu Chepkurui."

Mama akatikisa kichwa kukubali, akaenda kukamua.

Siku hizi mtu akiniita kifungua mimba namkatiza hapo hapo. Hapana, namwambia, mimi nilimfuata Chepkurui.