Kibali cha Bunduki za Mbao

Sebuleni kwangu, chini ya msalaba, nimetundika bunduki za mbao. Mgeni akija mara ya kwanza husita mlangoni. Namkaribisha aketi, mke wangu anamletea chai, kisha namweleza. Wengine huondoka kabla ya kumaliza chai.

Mimi ni katekista, na maelezo yangu huanza mbali. Huku kwetu kando ya ziwa, mzee akifa, wanaume hufanya tero buru. Hukusanya ng'ombe, hushika mikuki na marungu, wakaimba na kukimbia hadi mpakani mwa kijiji, kukifukuza kifo kisije kikakaa bomani. Kule nilikozaliwa, kama marehemu alikuwa mwanajeshi au askari, huchongewa bunduki ya mti, na mwanamume wa ukoo wake huibeba mbele ya ng'ombe. Mazishi yakiisha, bunduki hiyo inakuwa mzigo. Wanasema imeshagusana na kifo. Haiingizwi nyumbani, haifanywi kuni, haitupwi ziwani.

Shemeji yangu alizikwa Asembo Bay, na bunduki yake iliachwa imeegemea ghala hadi mvua ikainyeshea. Dada yangu alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba kila alipokwenda jikoni, asipite karibu nayo. Nilipoona hivyo niliichukua mbele ya wote. Niliwaambia kwamba kifo kilishindwa asubuhi ya Pasaka, na kwamba hiki ni kipande cha mkaratusi tu. Mzee mmoja akanijibu, "Sawa, japuonj. Basi nenda ukaitundike kwako tuone."

Japuonj ni mwalimu, na ndivyo wengi wanavyoniita. Nilikwenda nikaitundika. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuniletea za kwao. Wengine huziegemeza langoni wakaondoka bila kupiga hodi, kama mtu anayetelekeza paka. Iko moja ambayo mtutu wake ni pampu ya baiskeli. Iko nyingine ambayo mkanda wake ulikatwa kwenye mkoba wa mjane mwenyewe, kwa kuwa siku ile hakukuwa na ngozi. Najua kila moja ilibebwa kwa ajili ya nani, na kila mwenyewe namtaja katika sala zangu. Namshukuru Mungu kwa kunipa ukuta mpana.

Matata yalianza mjini Kisumu. Vijana waliingia katika duka la kutuma pesa na bastola ya plastiki iliyopakwa rangi nyeusi, wakampora mwenye duka. Hakuumia mtu, lakini chifu wetu aliitisha baraza akatangaza kwamba kila kitu kinachofanana na bunduki kipelekwe kambini kwake kichomwe hadharani. Baadaye akaja nyumbani kwangu. Nilimfundisha katekisimu akiwa mdogo, kwa hiyo alivua kofia na kuzungumzia mvua kwanza.

"Japuonj, nakuomba kwa heshima," akasema mwishowe. "Zilete mwenyewe. Usinifanye nije na askari."

"Kwa sheria ipi?"

"Huna kibali cha kukaa nazo."

"Basi nitatafuta kibali."

Alicheka. Alifikiri ni mzaha wa wazee. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nimeishi nikifundisha watu kumpa Kaisari kilicho cha Kaisari, na kama Kaisari alitaka nimwombe ruhusa ya kutunza miti, ningemwomba. Lakini kuzichoma sikuwa tayari. Wenye bunduki zile wamelala chini ya udongo, na wengi hawana hata picha moja.

Katika kituo cha polisi niliwakuta maafisa wenye adabu, nami nawashukuru kwa kiti walichonipa. Dada aliyekuwa kaunta aliniuliza bunduki zangu zinatumia risasi gani. Nikamwambia zinatumia ng'ombe na nyimbo. Akawaita wenzake waje wasikie, nikarudia. Wakanipa fomu iliyokuwepo, ile ya bunduki halisi. Iliuliza kama nina kabati la chuma na kama nina ugomvi na jirani. Palipoulizwa sababu ya kumiliki silaha nikaandika, "Kuwakumbuka marehemu."

Mkuu wa kituo aliisoma, akaivua miwani yake.

"Mzee, hakuna kibali cha vitu vya kuchezea."

"Kwa hiyo sihitaji kibali?"

"Unahitaji. Kukaa nazo bila kibali ni kosa."

"Basi nipe."

"Nimekwambia hakuna."

Nilimwomba aniandikie maneno hayo mawili kwenye karatasi moja. Hakutaka. Nikamuaga, nikamwambia tutaonana Jumatatu.

Jumatatu nilirudi, na Jumatatu iliyofuata nikarudi, nikiwa na chupa yangu ya chai. Dada wa kaunta akawa ananisalimia kabla sijafika mlangoni. "Baba, hujachoka tu?" Nikamwuliza kama anamkumbuka mjane wa Injili aliyemsumbua kadhi mpaka akampa haki yake. Alimkumbuka. Nikamwambia yule mjane alikuwa peke yake, mimi nina mke wa kunipikia chai.

Siku moja mkuu alikuja na shauri. Nizikate mitutu, vibaki vitako tu, na jambo liishe. Alisema kwa upole, nami nikamjibu kwa upole kwamba nitazikata siku atakapokata pua kwenye picha ya baba yake. Aliingia ofisini akafunga mlango.

Siku ya kuchoma ikafika. Mke wangu aliniuliza kama nitakwenda. Niliitungua bunduki ya shemeji yangu nikaiweka begani, wazi, bila gunia wala gazeti, nikapita nayo katikati ya Kisian saa za soko. Vijana wa bodaboda wakanipigia saluti. "Afande! Vita viko wapi?" Nikawaambia viko kwa chifu.

Kambini, bastola za plastiki walizonyang'anywa watoto zilikuwa zimerundikwa, na mafuta ya taa yalikuwa tayari. Nilikaa mstari wa mbele na bunduki mapajani. Chifu aliponiona uso ulimng'aa.

"Tumshukuru japuonj," aliwaambia watu. "Ametuonyesha mfano."

Nikasimama. "Chifu, nimeileta ionekane. Sikuileta ichomwe. Nimeomba kibali nikaambiwa hakipo. Kitu ambacho serikali yenyewe haina, nitanyimwa vipi haki kwa kukikosa?"

"Mzee, unanidharau mbele ya watu."

"Dharau ni kuchoma kumbukumbu ya mtu ambaye hawezi kuja barazani kujitetea."

Watu waliguna. Chifu akamwashiria askari wake aichukue. Askari alipiga hatua moja, akasimama. Alikuwa mtoto wa huku. Chifu akamwashiria wa pili, na huyo akaanza kufunga kamba ya kiatu. Nyuma, mama mmoja muuza omena akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni chifu aichome mwenyewe, kisha kifo kikirudi kijue boma la kwenda."

Kicheko kilizunguka uwanja mzima, lakini chifu hakucheka. Aliitazama ile bunduki, akaitazama mikono yake.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na haikuwa hasira juu ya chifu. Miaka yote nimefundisha kwamba mti hauna mkosi, na sasa mkosi ndio uliokuwa unanitetea. Sikuutaka utetezi huo. Nilimsogelea nikamnyooshea bunduki kwa mikono miwili.

"Ishike," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Ni mti, haina lolote. Ishike kwanza, halafu uniambie sheria."

Aliweka mikono nyuma.

"Japuonj, rudi nayo nyumbani," akasema polepole.

"Kwa sababu ya sheria, au kwa sababu unaogopa?"

Aliinamia rundo. Aliwasha kiberiti, na plastiki ikaanza kutoa moshi mweusi uliowatawanya watu wakikohoa. Wengi walinipa mkono wakipita, wakinisifu kwamba dawa yangu ni kali. Kila mmoja nilimwambia sina dawa, nina ubatizo. Walitabasamu kama watu wanaotunza siri ya rafiki.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba zimepona. Akasema, "Asifiwe Bwana." Nikasema asifiwe, ila zimepona vibaya. Zimeponywa na woga, na woga ukihama kesho, zitachomwa. Nataka siku nitakapokufa mtu aziache ukutani kwa kuwa ana haki ya kuziacha, na aweze kuzifuta vumbi bila mkono kutetemeka.

Jumatatu nilikuwa kituoni kabla mlango haujafunguliwa. Mkuu alishuka kwenye gari, akaniona nimekaa ngazini na chupa yangu.

"Mzee, si nimesikia chifu alikuachia? Unataka nini tena?"

"Kibali," nikasema, nikamsogezea kikombe.