Korongo Nililomchorea Mgeni

Niliugua malaria, nikalala wiki mbili. Nilipopona nikakuta mchezo wangu una mwenyewe mwingine.

Mchezo huo niliujulia chuoni Masasi, nikisomea ualimu. Hauna ubao wala mshindi. Watu wanaketi mezani, mmoja ni msimulizi, na kila mmoja kati ya wengine ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi: nguvu zake, udhaifu wake, alichobeba mgongoni. Msimulizi anasema mmefika wapi na mnaona nini. Wewe unasema mtu wako anafanya nini. Penye hatari, dadu zinaamua.

Niliporudi Newala kufundisha historia niliwafundisha watu wawili. Mmoja ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ambaye sasa ni muuguzi. Wa pili ni fundi seremala, ambaye Jumamosi mchana hufunga kazi na kutuachia meza yake ya kurandia. Miaka mitatu tulicheza hapo, na msimulizi nilikuwa mimi. Dadu zetu zilikuwa mbili za ludo. Nukta zilizofutika nilizichora upya kwa kalamu.

Kisha shuleni kwetu akahamishiwa mwalimu wa jiografia kutoka Masasi. Kumbe naye alikuwa anaujua mchezo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkaribisha, na hilo ndilo lililoniuma baadaye. Alikuja na kifuko cha kitenge chenye dadu za kila namna, nyingine zina pande ishirini, zinang'aa kama pipi. Nilipougua akaombwa asimulie badala yangu.

Rafiki yangu alikuja kunijulia hali, lakini hali yangu aliiulizia mlangoni tu.

"Mwenzangu, umekosa!" alisema kabla hajaketi. "Alitusimulia mvua mpaka fundi akainuka kwenda kuangalia mbao zake nje. Mvua, hapa Newala, na ndoo zetu zote tupu!"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikageukia ukutani.

Nikatuma ujumbe kwamba Jumamosi nasimulia mimi. Nilikuwa na siku sita. Kila nikitoka shule nilifungua daftari kubwa nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Sentensi ya kufungulia niliisema kwa sauti jikoni, na mara ya tano hivi nikajisikia nikishusha sauti mwishoni, vilevile anavyoshusha yule mwalimu wa jiografia akizungumza. Karatasi ile niliitia motoni.

Alhamisi nikapanda bodaboda hadi Mkunya kwa mama yangu. Nilimkuta kibarazani akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Umeshapona kweli?"

Nilimwambia nimepona, na kwamba nataka anieleze jinsi walivyokuwa wakishuka bondeni kuteka maji alipokuwa msichana. Akanieleza bila kuacha kumenya. Waliondoka alfajiri, wanawake peke yao, mitungi kichwani. Palikuwa na sehemu ambapo njia ilikatwa na korongo, ukabaki ukingo mwembamba, na mtu alipita amelaza kifua kwenye mwamba. Aliyetangulia ndiye aliyejua kama udongo unashika.

Nilichora palepale, kwenye goti langu. Mama akaichungulia karatasi.

"Sasa hapa unamtegea nani?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Mbona umekunja uso?"

Niliendelea kuchora. Mhusika wa mgeni alikuwa mchukuzi mrefu mwenye nguvu, na kila safari alitangulia yeye. Kwa hiyo niliandika: atakayekanyaga ukingo wa kwanza, dadu zisipofika tisa, anaanguka na amekufa. Hakuna kurudia. Kwa miaka mitatu sikuwahi kumwandikia mtu kifo.

Jumamosi nilisimulia vizuri, nadhani kuliko siku zote. Waliposhuka bondeni fundi aliacha hata soda yake. Tukafika korongoni. Nikamgeukia mgeni, nikangoja.

"Mtu wangu amechoka," alisema taratibu. "Anashika kamba nyuma. Atangulie mwingine."

"Natangulia mimi," akasema rafiki yangu.

Mhusika wake alikuwa bibi mganga, aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza. Karatasi yake ilikuwa imeungwaungwa kwa gundi ya karatasi pande zote.

"Una uhakika? Njia ni nyembamba sana."

"Mwalimu, nimeshakanyaga. Tupa dadu."

Nilitupa nyuma ya daftari, ambapo msimulizi peke yake huona. Mbili na tatu.

"Tisa," nikasema.

Fundi akapiga makofi. Rafiki yangu akashusha pumzi akiwa ameshika kifua. Mgeni hakupiga makofi. Aliniangalia tu.

Mchezo ulipokwisha rafiki yangu aliwahi zamu yake hospitalini, na fundi akatoka kumpokea mteja. Mgeni akabaki kunisaidia kukusanya karatasi.

"Haikuwa tisa," alisema.

"Ilikuwa tano."

"Na lile korongo lilikuwa langu?"

Nilifunga daftari. "Lako."

Alikunja karatasi yake mara mbili, akaikunjua. "Ungeniambia tu, mwalimu."

"Ningekwambia nini? Kwamba wanakupenda wewe?"

"Wiki zile mbili," alisema, "kila nilipomaliza kusimulia walisema, angekuwepo yeye leo tungecheka zaidi. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna."

Sikujua kama ni kweli au alikuwa ananifariji. Ningeweza kumuuliza rafiki yangu, lakini ningelazimika kumwambia na yale mengine, na mpaka leo sijaweza.

Sasa tunapokezana, Jumamosi yangu na Jumamosi yake. Zamu yake ikifika nabeba karatasi ya mhusika wangu, mwanamke mwuza chumvi asiyependa watu, nakaa kusikiliza. Anasimulia vizuri kuliko mimi. Nimelikubali hilo kwa kichwa, ila rafiki yangu akiinama mbele kumsikiliza, kifua bado kinanibana. Huwa nafika mapema, kabla ya wote, ili nipate kiti cha pembeni ya mgeni.