Mjomba na Kilima cha Bata

Mimi Uingereza sijafika, lakini kuna barabara moja ya huko naijua kuliko njia ya kwenda kazini. Unaanzia kwenye daraja la mawe, unapita mashamba ya ngano yanayopanda na kushuka, unateremkia kijiji chenye maua kila dirisha, unapinda kushoto penye kidimbwi cha bata, halafu kinakuja kilima. Kwenye kilima hicho mjomba wangu aliacha jasho lake lote, na wala hatukutoka uani kwetu Isipingo.

Mjomba ndiye aliyenilea hapa Durban. Ni dereva wa lori, anavuta makontena kutoka bandarini kwenda Pinetown na mbele ya hapo. Siku moja alipanda juu ya trela kufunga turubai, akateleza, akaangukia goti la kushoto. Wakampasua, kidonda kikapona, ila goti likagoma kukunjika. Na kwa dereva, goti la kushoto ndiyo klachi. Bosi wake hakumficha: njoo baada ya miezi miwili, tukujaribu na lori lenye mzigo. Ukiweza, gari lako lipo. Ukishindwa, nampa mwingine.

Hospitalini wakamwambia apige baiskeli ya kusimama mahali pamoja, nusu saa kila siku. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kochi, akawasha televisheni.

"Mtu mzima nipande baiskeli isiyokwenda? Majirani watasema goti limenipanda kichwani."

Mimi nasuka nywele kwenye saluni ya mama mmoja Mkongo, ambaye pia tunakaa naye ua mmoja. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kichwa changu hakijawahi kutulia. Mikono inasuka, mawazo yako dunia nyingine. Ndivyo nilivyoipata ile video. Mtu amefunga kamera kwenye usukani wa baiskeli yake, anazunguka vijiji vya Uingereza bila kusema neno. Unasikia mnyororo, ndege, na pumzi yake basi. Nikaipakua kwa waifai ya saluni. Nikatafuta baiskeli ya mtumba na fremu ya chuma ya kuinua tairi la nyuma. Fremu ina skrubu, ukiikaza pedali zinakuwa nzito kama unapanda mlima. Simu nikaiegesha mbele, juu ya kreti la soda.

"Mjomba, panda. Twende Uingereza mara moja, tutarudi kabla ya chai."

Akacheka. Alipocheka tu, nikajua nimempata.

Udereva haumtoki mtu. Hata dakika mbili hazijaisha, ameanza kulalamika. "Barabara hii ilichorwa na ng'ombe! Kona hapa, kona pale. Lori likitokea mbele huyu anakwenda wapi, kwenye michongoma?" Tulipofika kijijini akazidi kushangaa. "Watu wako wapi? Mchana kweupe, hakuna hata mmoja anayeuza nyanya?"

Mtu alikuwepo mmoja. Mzee mwenye kofia, amesimama getini kwake na mbwa, anamwinulia vidole viwili mwenye baiskeli. Mwenye baiskeli akapita kimya. Mjomba alikasirika kweli.

"Huyu kijana hakufundwa! Unampita mzee hivi hivi?"

Toka siku hiyo, kila tukifika kwenye lile geti, mjomba aliinua vidole viwili juu ya usukani, nami nikasema, "Shikamoo babu." Mama wa saluni alitukuta siku moja, akashika kiuno.

"Eh, papa! Munasalimia telefone? Vraiment, ninyi Watanzania muko na shida."

Kidogo tu, naye yuko hapo anampungia mbwa.

Sheria ilikuwa moja, na aliitunga mjomba: hakuna kuruka mbele. Goti likikataa tunasimamisha video, kesho tunaanza upya darajani. "Safari inatembewa," alisema, "haichunguliwi." Basi wiki tano zikapita hatujui juu ya kilima kuna nini. Kila tukiwapita bata nilikaza skrubu, na kila siku goti lilikatalia katikati. Mimi na ndoto zangu nililala nikiwaza kuna nini huko juu. Ngome? Bahari? Nilishajichagulia na nyumba.

Zilipobaki siku tisa, nikaharibu. Asubuhi hiyo nilimwona anasukuma mguu wa kochi kwa unyayo wa kushoto, akidhani niko bafuni, uso wote umekunjamana. Chai hakuigusa. Moyo ukanishinda. Tulipofika kwa bata niliinama kama kawaida, ila badala ya kukaza skrubu, nikailegeza kidogo.

Alizungusha pedali mara nne, akasimama.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mjomba."

"Mwanangu, mimi nimepandisha milima na tani thelathini nyuma yangu. Mguu huu haujui mlima?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Siku ya majaribio utajificha chini ya lori, unilegezee klachi?"

Machozi yakaanza kunitoka. "Nilikuonea huruma."

"Huruma yako naijua, ndiyo iliyonitoa kwenye kochi. Sasa kaza. Kaza kama jana."

Nikakaza. Siku hiyo hakufika. Kesho yake hakufika. Siku ya tatu mama wa saluni alikuwa anaanua nguo, akaja na kapu lake kiunoni. "Sukuma, papa! Iko kidogo tu! Sukuma!" Goti likalia kama kijiti kikavu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kwenye simu barabara ilikuwa imeishia angani. Tulikuwa juu.

Na juu kulikuwa na trekta. Limebeba majani makavu, limejaza barabara nzima, linajikokota, na mwenye baiskeli yuko nyuma yake anasubiri. Mjomba alicheka mpaka akalalia usukani. "Wiki zote hizi! Kumbe foleni!" Mimi ile nyumba yangu sikuiacha. Niliihamishia mbele kidogo, baada ya trekta.

Siku ya majaribio niliomba ruhusa, nikapanda teksi mpaka bandarini, nikasimama nje ya geti la yadi. Njia waliyompa ilikuwa fupi: atoke, apande mwinuko, asimame kwenye robot, yaani taa za barabarani, aondoke tena na mzigo, azunguke arudi. Dereva yeyote atakwambia hapo kwenye robot ndipo klachi inapokuuliza hali yako.

Robot ikawa nyekundu. Lori likasimama pale juu, kontena limeinamia upande wangu. Goti sikuweza kuliona, kwa hiyo nilisikiliza. Kijani. Injini ikanguruma, nikangoja izime, au lori lirudi nyuma. Halikurudi hata hatua. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaingia bila kelele.

Alizunguka, akarudi, akapita mbele yangu pale getini. Macho barabarani, kama dereva anavyotakiwa. Hakunitazama. Vidole viwili tu viliinuka juu ya usukani.

"Shikamoo mjomba!" nikasema kwa nguvu, na mlinzi wa geti akageuka kuniuliza naongea na nani.