Udi wa Vidole Vitatu

Siku ya sitini na mbili ya eda yake, Mwanabaraka binti Shomari alionyeshwa vidole vyake mwenyewe gazetini.

Aliyemletea gazeti ni Auleria, mke wa Theonest, karani aliyepanga nyumba ya pili pale Temeke, watu wa Bukoba. Aliingia amelificha ndani ya kanga kama aliyebeba kitu cha kuvunjika, akaketi mkekani kabla hajakaribishwa.

“Shikamoo, Bi Mwanabaraka.”

“Marahaba. Mbona unahema?”

“Theonest kanituma. Yeye hawezi kuingia, anajua una eda. Yuko nje, anajifanya anatazama kuku wenu.”

“Sie kuku hatuna.”

“Ndiyo nimemwambia.”

Walicheka kidogo, kisha Mwanabaraka akajirudi. Wifi yake Tabu alikuwa uani anachambua mchele, na kicheko cha mjane husikika mbali. Auleria akalifungua gazeti. Lilikuwa Gazeti la Serikali, lile ambalo mumewe hulisoma ofisini kwa sababu ndiyo kazi yake, na ambalo hakuna mtu mwingine Temeke aliyekuwa na haja nalo. Katikati ya maandishi madogo ya Kiingereza palikuwa na picha ya alama za vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete. Cha kati kimeegemea kulia kidogo.

Mwanabaraka aliutazama mkono wake, akaitazama karatasi. Kidole hicho kilipinda tangu utotoni, alipobanwa na mlango wa ghala.

“Wamekipata wapi?”

“Theonest anasema ni Bakari, shemeji yako. Ameomba serikali imwandikishie alama hii iwe yake ya kuuzia udi. Gazeti limetoka juzi. Mwenye neno anapewa siku sitini alete pingamizi. Zikipita, basi.”

Mwanabaraka alihesabu kimoyomoyo. Alikuwa amebakiza siku sitini na nane ndani.

*

Udi ule ulikuwa na miaka kumi na minne. Alianza kuupika mwaka alioolewa na Nassibu, mpakuzi wa bandarini, mtu mpole aliyependa kurudi nyumbani akute nguo zake zimefukizwa. Vipande vya udi hulowekwa kwenye marashi ya mawaridi, huchanganywa na sukari iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, hutiwa miski, kisha huanikwa kivulini. Wapishi walikuwa wengi, na wengi wao walichanganya unga wa mbao. Wateja wakamwambia: Bi Mwanabaraka, tutajuaje huu ni wako? Siku hiyo alikuwa amejipaka hina, haijakauka. Akabonyeza vidole vitatu juu ya karatasi ya kifurushi, akasema, mtajua hivi.

Tangu hapo kila kifurushi kilipata vidole vyake. Kutoka Mtoni hadi Msasani wanawake waliagiza “udi wa vidole”, na walipoupata waliichana karatasi na kuiwashia mkaa wa chetezo. Duka la Bakari lilikuwa barabarani, kwa hiyo vingi viliuzwa hapo. Hilo halikuwa jambo la kuulizana. Bakari alikuwa ndugu wa mumewe, tumbo moja.

Kisha Nassibu akaugua kifua, akafa mwezi wa nne. Jioni ya maziko, kabla wanawake hawajamvisha Mwanabaraka nguo nyeupe, nyumba iliondolewa kila kitu chenye harufu nzuri, kwa kuwa mwenye eda hajipambi wala hajitii manukato. Chupa za marashi, kopo la miski, sufuria, hina, mabunda ya karatasi zilizokwisha bonyezwa, vyote vilipakiwa kwenye gari la mkono. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema vipelekwe kwa Bakari. Alimweleza hata kipimo cha sukari, kupitia pazia, ili wanawake wawili wa Mtoni wapike badala yake na wateja wasikose.

“Nitunzie mkono wangu, shemeji,” alimwambia.

“Nitautunza,” alisema Bakari.

*

Theonest aliandika masharti kwenye kipande cha karatasi, Auleria akayasoma. Barua ya pingamizi angeweza kuiandika yeye. Lakini mwenye pingamizi lazima aende mwenyewe mjini, aape mbele ya ofisa kwamba alama ni yake na ameitumia tangu lini, na aonyeshe ushahidi.

“Ushahidi gani?”

“Karatasi za zamani zenye vidole.”

“Zimechomwa. Zilizobaki anazo yeye.”

“Basi uende na vidole vyenyewe,” alisema Auleria. “Wavitie wino, waone.”

Mwanabaraka alimtuma Tabu kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaulize. Jibu lilirudi kabla ya adhuhuri: mwenye eda akiwa na haja ya lazima hutoka mchana, ajisitiri, arudi kabla jua halijazama. Mlango ulikuwa wazi. Aliposikia hivyo moyo wake ulipiga kwa nguvu kiasi kwamba aliuwekea mkono, kisha akaona aibu, kama kwamba alikuwa amefurahi mno kuliko inavyompasa mtu aliyefiwa.

Lakini Tabu alikuwa dada yake Bakari kabla ya kuwa wifi ya mtu. Alasiri Bakari alikuja akaketi barazani, upande wa pili wa pazia, akakohoa.

“Shemeji, nasikia una safari.”

“Nasikia na wewe una vidole.”

Bakari alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, sawasawa na cha Nassibu, na hilo lilimwumiza Mwanabaraka kuliko maneno. “Nani atakuibia wewe? Kuna mtu mjini kaanza kubandika mikono kwenye sabuni. Kesho atabandika kwenye udi. Nimewahi kabla yake. Ningeandika jina lako, barua ya serikali ikija nani aijibu, na wewe umo ndani?”

“Ungeniambia.”

“Ningekuambia nini na umelia mpaka macho yamefumba? Maliza eda ya kaka yangu. Ukitoka tutakwenda pamoja, tubadilishe jina.” Kisha sauti yake ikashuka. “Au nenda kesho. Mwalimu kakuruhusu. Watu wakuone kwenye basi na nguo nyeupe, unakwenda kwa wazungu kugombea manukato na Nassibu hajakauka kaburini. Sitakuzuia. Ila nyumba hii ni ya baba yetu, na wewe mtoto hukuzaa naye. Atakayetoka kabla ya eda kwisha, mimi sijui atarudi kwa nani.”

Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Tabu alikuja kukaa karibu yake akiwa na ungo mapajani. “Usinichukie, wifi. Mie nakaa wapi, kama si hapa?”

“Sikuchukii.”

“Na kaka Bakari akisema atabadilisha, atabadilisha.”

Ni rahisi kusema sasa kwamba angetoka. Auleria alilisema siku ile ile, tena siku ya pili na ya tatu, mpaka likawachosha wote wawili. Theonest aliiandika barua. Ilikaa chini ya mto wa Mwanabaraka, imekosa sahihi tu. Kila asubuhi alisikia basi la mjini likipiga honi pale njia panda, na kila asubuhi alijiambia, kesho. Si kwamba alimwamini Bakari. Alifikiri juu ya Nassibu, jinsi wanawake wangesema kwamba mke wake hakuweza kumpa hata siku zile mia moja na thelathini. Ruhusa ya mwalimu ilikuwa mkononi, lakini mwalimu hakuwa mke wa mtu Temeke. Alikuwa amempenda mumewe, na hakuwa na njia nyingine iliyobaki ya kumwonyesha.

Siku ya sitini ya gazeti ilipopita alijua, kwa sababu alikuwa akiweka punje za mtama kwenye kikombe. Hakumwambia mtu. Alikaa siku kumi zilizobaki ametulia sana, na Tabu akawaambia majirani kwamba wifi yake sasa amekubali.

*

Alipotoka eda, alioga, akavaa kanga mpya, akaenda dukani kwa Bakari. Rafu nzima ilikuwa na vifurushi vya karatasi nyeupe laini, vimepigwa chapa mtamboni. Vidole vilikuwa vyekundu sana, vyote sawa, kimoja kama kingine. Alichukua viwili akavilinganisha. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuona vinavyofanana hivyo.

“Twende tukabadilishe jina,” alisema.

“Wiki ijayo,” alisema Bakari. Wiki ijayo ikawa baada ya mfungo, na baada ya mfungo ikawa mwanasheria kasafiri.

Mwanabaraka akanunua sufuria mpya, akapika, akajipaka hina, akabonyeza. Aliuza mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa siku tisa. Siku ya kumi barua ilikuja kwa Kiingereza. Sasa Theonest aliweza kuingia. Aliketi kitini, akaisoma kimya mara mbili, jasho likimtoka.

“Dada, wakili wa Bakari anasema uache mara moja kuweka vidole kwenye udi.”

“Vidole vipi?”

Theonest alivinyooshea mkono tu.

“Vikatwe basi,” alisema Auleria kwa hasira. “Wakili hakusema vikatwe?”

“Nyamaza, mama. Hapa wameambatisha nakala ya hati.” Theonest alisogea dirishani kwenye mwanga. “Haki yake inahesabiwa tangu siku alipopeleka maombi. Tarehe kumi na moja Januari.”

“Januari,” alisema Mwanabaraka.

“Ndiyo.”

“Januari Nassibu alikuwa hai. Alikuwa amekaa kiti hicho ulichokalia, namnywesha uji. Bakari alikuwa anakuja kila jioni kumjulia hali.”

Theonest aliinuka polepole kutoka kwenye kiti kile, akabaki amesimama.

Njia ilikuwapo bado, alieleza baadaye. Sheria haikufunga kabisa. Mtu aweza kwenda mahakamani akaomba alama ifutwe, akithibitisha kwamba aliitumia zamani kabla ya mwingine. Kwa kuwa karatasi hazipo, alete mashahidi. Wateja. Mwanabaraka akaenda kwa miguu na kwa basi mpaka Msasani, kwa Bi Hamisa, mama mtu mzima mwenye heshima zake, aliyenunua udi wake tangu kifurushi cha kwanza.

Bi Hamisa alimsikiliza mpaka mwisho, akamkamata mkono.

“Mwanangu, wataniuliza nini huko?”

“Kwamba unaujua udi wangu. Umeutumia miaka mingapi.”

“Na nautumiaje?”

Mwanabaraka akavuta ncha ya kanga yake.

“Nisimame mbele ya mzungu na karani wake, mwanangu wa kiume yuko pale, wakwe zangu wako pale, nieleze nafukiza nini, usiku gani, na kwa nini najua harufu ya huu na ya ule? Nitaapa juu ya shamba. Nitaapa juu ya ng’ombe. Hilo la chumbani kwangu hapana.” Akamwachia mkono. “Na hutapata mwanamke wa heshima atakayekubali. Asiye na heshima, hakimu hatamsadiki.”

Alizunguka nyumba saba. Bi Hamisa alikuwa amesema kweli.

*

Mwezi wa kumi na moja Bakari alikuja tena barazani. Wanawake wa Mtoni walikuwa wameshindwa. Udi wao ulikuwa unashikana kama gundi, na wateja wameanza kurudisha. Hakuomba radhi, wala hakutisha. Alisema nyuma ya duka kuna chumba, jiko lipo, kila kitu kipo, akipenda aje apike. Atalipwa kila Jumamosi, na nyumbani ataendelea kukaa.

Akaenda. Palikuwa hapana pengine pa kwenda.

Lakini wiki ya kwanza aliamua jambo, na kulificha kulimpa nguvu ya kuamka asubuhi. Aliongeza moto. Alipunguza miski. Alichanganya unga wa mbao kama wale aliowadharau maisha yake yote, akawatazama vijana wa duka wakibandika vidole vyekundu juu ya uchafu ule. Alama ni ya Bakari, alijiambia. Na aibu iwe ya Bakari. Sheria imesema hivyo, tena kwa Kiingereza.

Baada ya majuma matatu palikuwa na arusi Msasani. Chetezo kilizungushwa, moshi ukapanda, na wanawake wakatazamana. Bi Hamisa aliuvuta mara moja, akageuka mbele ya watu wote.

“Mwanabaraka, siku hizi unaumwa? Udi wako unanuka kuni.”

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelitengeneza majuma matatu: si wangu, kaulizeni dukani. Alifungua mdomo. Wanawake arobaini walikuwa wanamtazama, na hapana hata mmoja aliyemfikiria Bakari. Jina lake katika jambo hilo halikuwamo kabisa. Uso ukamwaka moto.

“Nilichanganyikiwa kidogo,” alisema. “Nisameheni. Mtaona wa safari ijayo.”

Kesho yake alifika dukani mapema kuliko wote. Aliubeba udi mbovu, gunia zima, akaumwaga shimoni nyuma ya choo. Aliosha sufuria mara tatu. Akawasha mkaa mchache, akaupuliza, akausubiri utulie, kisha akatia sukari na kuanza kukoroga.

Bakari aliingia akinusa hewa, akatabasamu mlangoni.

“Naona leo umeamka vizuri, shemeji.”

Aliendelea kukoroga. Sukari ilikuwa imeanza kuvuta nyuzi, na wakati huo ukigeuza uso inaungua.