Joto Lililovuja kwa Mwalimu Apolonia

Najat Mwinjuma alipomaliza kidato cha sita, alikuwa na hakika na jambo moja tu: anataka kazi ya umeme wa jua. Baba yake, mzee Mwinjuma, mwendesha winchi bandarini, alikuwa na hakika na jingine.

"Soma mafuta na gesi, mwanangu," alimwambia kila walipokaa kula nyumbani kwao Chamazi. "Gesi tunayo wenyewe chini ya bahari. Jua kila mtu analo."

"Ndiyo maana nalitaka, baba."

Mzee alicheka, akamsogezea sinia. Ubishi wao haukuwa na hasira. Ila siku za kuomba vyuo zilikuwa zinakaribia, na Najat hakujua aandike kozi gani. Chuo kimoja kilifundisha nishati jadidifu yenyewe, vingine uhandisi wa umeme, vingine mitambo. Wenzake wote walimwambia umeme. Aliuandika daftarini, akaukata, akauandika tena.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mwalimu Apolonia, mstaafu kutoka Bukoba, aliyetotolesha vifaranga kwa mashine ya mbao iliyopashwa joto na balbu. Alipochoka na umeme wa kukatikakatika, alifunga paneli mbili za sola juu ya banda. Hata hivyo betri iliisha kabla ya alfajiri, mayai yakapoa. Mara mbili mfululizo alipata vifaranga tisa tu katika mayai sitini. Fundi akamshauri aongeze paneli mbili.

"Najat, si wewe ndiye mtu wa sola?" alimwita. "Njoo uniangalizie kabla sijanunua."

"Shikamoo, mwalimu. Naja."

Alipima paneli, nzima. Betri, nzima. Nyaya ziko sawa. Akaketi chini, akipitia vipimo upya kichwani. Alipoegemea ile mashine, akahisi mgongo wake unapata joto. Akageuka, akapitisha kiganja mlangoni: joto. Kwenye kona: joto.

"Mwalimu, umeme unakutosha," alisema taratibu. "Kinachopotea ni joto. Linavuja kila upande."

"Yaani siku zote hizi nalipasha banda joto?" Mwalimu alicheka mpaka akashika kiuno.

Walikata godoro kuukuu, wakaizungushia mashine vipande vyake, wakaacha wazi matundu ya hewa tu. Mlangoni wakabandika mpira, kisha mwalimu akapanga mayai mengine sitini. Balbu zilizokuwa zikiwaka dakika arobaini kila saa, sasa ziliwaka kumi na tano. Najat alikwenda kusoma kipimajoto kila siku, bila kuitwa, na akajishangaa jinsi alivyoifurahia kazi hiyo.

Siku ya ishirini na moja alisikia vigelegele akiwa anafua. Alikimbia na povu mikononi. Vifaranga hamsini na mmoja! Mwalimu Apolonia alikuwa anacheza katikati ya uwanja, na mabuti yake ya bandani miguuni.

Wiki iliyofuata Najat alikwenda kwenye maonesho ya vyuo vikuu, Mnazi Mmoja. Alimsimulia mhadhiri mmoja, Daktari Genoveva, habari nzima.

"Katika yote hayo," mhadhiri aliuliza, "ulipofika nyumbani ulikuwa unawaza nyaya au joto?"

"Joto."

"Basi soma mitambo. Jua si nyaya peke yake. Wapo wanaolitumia kukausha, kupoza, kupika. Wanamhitaji mtu anayejua joto linakokwenda. Nishati jadidifu unaweza kuisomea shahada ya pili."

Jioni Najat alimweleza baba yake, akajiandaa kwa ubishi.

"Mitambo?" Mzee aliacha kutafuna. "Mitambo kama winchi yangu?"

"Kama winchi yako, baba."

"Sasa si ungesema tangu mwanzo!"

Leo Najat ni mhandisi kwenye karakana moja ya Goba inayotengeneza majokofu ya sola. Mwezi uliopita alipeleka kwa kina mama wauza samaki wa Buyuni jokofu la kwanza alilolichora mwenyewe. Mzee Mwinjuma aliomba ruhusa kazini ili awepo. Mlango ulipofunguliwa, samaki waliowekwa humo tangu jana wakiwa wagumu kwa baridi kama mawe, mama mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyelitengeneza.

Mzee alinyanyua mkono wake kwa furaha. Kisha akazinduka, akaushusha, akaushika wa binti yake na kuunyanyua juu kabisa.