Udenda wa Waache

Harufu ya majivu yaliyoloa hunirudisha kijijini kwetu Waa, nyuma ya jiko la mama, alikolala mbwa wetu Waache. Baba alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliokuwa wakisema Mwislamu hafugi mbwa. Mahindi yao yaliliwa na nguruwe mwitu. Yetu Waache aliyalinda. Chakula tulimmiminia kwenye kifuu kwa mbali, na hakuna mkono uliomgusa, kwani mate ya mbwa ni najisi, na kujitwaharisha ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo silipingi hata leo.

Msimu mmoja wa masika, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachipua, Waache alianza kuzorota. Alikula kidogo, akanenepa. Mkia ulinyonyoka manyoya ukabaki mtupu. Hata jua likiwa kali alijibanza kwenye majivu ya moto, akitetemeka. Kisha miguu ya nyuma ikawa inaburuta, kucha zikikwaruza ua mpaka zikalika, na sauti ya kubweka ikakauka. Ami Hamisi, ndugu yake Baba, alikuwa akipita anacheka. "Salimu, mbwa huyu umemwajiri au umemposa? Mbona ananenepa hivi na kazi hafanyi?" Akimaliza kucheka humrushia bonge la udongo, aone kama atainuka.

Mahindi yalipokomaa, upande mmoja wa uso wa Waache ulilegea. Jicho halikufumba, mdomo ulining'inia, na udenda ukawa unachuruzika. Siku hiyo Ami hakucheka.

"Ana kichaa huyo."

"Kichaa gani cha msimu mzima?" Baba aliuliza.

"Una watoto, Salimu. Akiuma mtu, utasema nini?"

Nikasema, "Ami, mwenye kichaa huogopa maji, na huyu asubuhi amekunywa. Nimemwona mwenyewe."

"Wewe nenda kwa mamako."

Baba alitazama chini. Alijua nimesema kweli. "Haya, fanyeni," akasema, akaingia ndani. Wakaja wanaume na magongo. Waache hakukimbia, hakuweza. Alipomwona Ami aliutikisa ule mkia mtupu.

Kichaa cha mbwa ni cha kuogopwa, sikatai. Lakini mbwa mwenye kichaa haishi tangu kupanda hadi kuvuna, na wakulima wale walilijua hilo kuliko mimi. Tena madrasa tulifundishwa kwamba kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna thawabu. Najisi ni mate. Nani aliwaambia kwamba na huruma ni najisi?

Baba tumemzika mwaka huu. Waombolezaji walimsifu kwa upole wake, hakupata kugombana na mtu. Niliitikia amina. Upole huo huo ndio uliomkabidhi Waache kwa Ami.

Sasa nafua nguo katika nyumba moja huko Diani. Mwaka jana nilisikia kucha zikikwaruza sakafu nyuma yangu, na kabla sijageuka nikajua. Ni mbwa wa mama mwenye nyumba, jike mzee, mnene, mkia umenyonyoka. Daktari wa mifugo alimpima damu. Akatueleza kwamba shingoni mna tezi ndogo inayouchochea mwili. Ikizembea, mwili hupoa, misuli hulegea, na mishipa ya fahamu hushindwa kuiamrisha miguu, pengine hata uso. Akampa vidonge vya kila siku, vya maisha. Baada ya wiki kadhaa kucha zilinyamaza. Sasa anapanda ngazi.

Sijui kama Waache alikuwa na maradhi hayo hayo. Hakupimwa. Vidonge labda tusingevipata. Lakini hata mkono hatukumwekea, tukahisi jinsi alivyokuwa baridi.

Kidonge cha asubuhi humpa mimi, ndani ya kipande cha nyama. Hunilamba mkono wote. Kisha naenda kwenye bomba la bustanini, nachota udongo, naosha mara saba, naswali. Ninapomaliza, nguo nilizoroweka bado hazijalainika. Ni kazi ndogo hivyo, Baba.