Kijiko cha Dawa Kabla ya Jina

Mimi ni mtu wa mdomo. Mume wangu husema hata mashine ya kusagia posho pale Otonglo tunakoishi hupumzika Jumapili, lakini mimi sipumziki, na huwa namjibu papo hapo asije akaondoka na ushindi. Kwa hivyo anayenijua atashangaa kusikia kuna jambo nimelinyamazia miaka minane. Si mambo ya mapenzi, msianze kufurahi. Ni kijiko kimoja cha dawa nilichompa binti yangu akiwa na miezi saba, siku aliyopewa jina.

Alikuwa amelia siku tatu. Hakikuwa kilio cha njaa, hicho mama hukijua. Ukimgusa mkono anaruka, ukimvika soksi anapiga yowe. Viganja na nyayo zilikuwa zimevimba, vidole vimejaa mpaka vinang'aa. Siku ya pili nilimbeba hadi duka la dawa pale barabarani. Muuzaji alimtazama, akanipa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, kisha akaniambia nisikae na huyo mtoto nyumbani, nimpeleke hospitali akapimwe damu. Nikasema asante, nitampeleka. Sikumpeleka.

Sababu naijua vizuri. Nilipokuwa msichana kwetu Ahero, mdogo wangu wa kiume alivimba mikono hivyo hivyo. Baadaye macho yakawa ya manjano, kila mvua zikianza analia miguu, na hakufika darasa la kwanza. Hakuna aliyewahi kutuambia ulikuwa ugonjwa gani. Majirani walisema tu kwamba kwetu watoto hawakai. Maneno hayo niliyabeba mpaka nikaolewa na mtu wa Bondo, na sikumwambia yeye wala mama yake. Sasa nikimpeleka mtoto akapimwe damu, na damu ikaonekana ina kasoro, si watasema ni mimi niliyekuja nayo? Niliogopa kurudishwa kwetu kuliko nilivyouogopa ule uvimbe. Haki ya Mungu, hilo naliandika na uso unaniwaka.

Siku ya tatu mama mkwe akafika kutoka Bondo na kuku mmoja na kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani. Sisi Wajaluo, mtoto akilia bila kunyamaza, wazee husema kuna marehemu wa ukoo anayetaka aitwe kwa jina lake. Mtoto hupakatwa, majina ya waliotangulia yanaitwa moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Lakini nisimsingizie mama mkwe. Kwanza aliishika ile mikono, akaigeuza, akaniuliza kama nimempeleka hospitali. Nikamwambia nimempeleka, wamesema ni baridi tu. Ndipo akasema basi, kama madaktari hawakuona kitu, tutaita majina baada ya chakula.

Ugali ulipokuwa unaiva nilimchukua mtoto, eti nambadilisha nepi, nikamnywesha kijiko cha ile dawa. Nilikuwa nimeshaizoea. Ikipita kama nusu saa hivi analegea, analala. Tulipomaliza kula nikamrudisha mapajani kwa nyanya yake, naye akaanza kuita, taratibu na kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi. Akamwita babu wa mume wangu, akawaita shangazi zake wawili, akamwita binamu yake aliyefia ziwani. Mtoto analia tu. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Nitakuwa muongo nikisema sikupanga. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, hakuna mtoto hata mmoja aliyebeba jina lake, na nilikuwa naona wivu kusikia majina ya Bondo yakipangwa foleni utadhani mtoto hakutoka tumboni mwangu. Nilipoona macho yake yameanza kuwa mazito nikasema, "Mama, niruhusu niite mmoja wa kwetu." Wako mama wakwe ambao wangeniambia nikae kimya. Yeye alisema niite. Nikaita jina la mama yangu mara tatu, na mara ya tatu mtoto akashusha pumzi, akalala.

Mama mkwe alifurahi kuliko mimi. Kwa mila yetu, mama wa mume na mama wa mke huheshimiana mno, hawakai wakataniana ovyo, kwa hivyo alianza kumfanyia mjukuu wake, ambaye sasa kwa jina ni mama yangu, heshima zote za mkwe. Mtoto hajajua kutembea, lakini anawekewa kiti chake peke yake na kuulizwa habari za kwetu Kano na mashamba ya mpunga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na kila alipopiga simu kutoka Bondo aliniuliza kama mkwe wake ametulia. Nikamjibu ametulia.

Kumbe wapi. Uvimbe uliisha, maumivu yakahamia miguuni na mgongoni, macho yakaanza kuwa ya manjano, yale yale niliyoyaona kwetu. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe kwa ufunguo. Kumpeleka hospitali kulikuwa ni kusema sikumpeleka mara ya kwanza, na kwamba jina la mama yangu nililiingiza kwa mlango wa nyuma. Nikawa namkanda kwa maji ya moto, nampa dawa za maumivu, nasema ni malaria, nasema ni kukua. Mume wangu, mtu mpole, aliniambia si mara moja kwamba twende tukamwone daktari. Nikamfokea, nikamuuliza tangu lini amesomea udaktari. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo niliiandikia insha nikiwa shuleni, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Kuandika ni rahisi.

Alikuwa na miaka minne. Asubuhi hiyo alikuwa anakunywa uji, mimi nakata kitambaa cha sare za shule, kazi yangu ni kushona. Kikombe kikamtoka mkononi, uji ukamwagika juu ya kitambaa. Nikamgombeza. Nikamwambia akiokote, akanitazama tu, nikadhani ni jeuri, nikamchapa kofi kwenye ule mkono wa kulia. Mkono haukusogea. Akajaribu kusema kitu, na mdomo ukaenda upande.

Kofi hilo bado nalisikia kiganjani.

Hospitali kubwa ya mjini ilimpokea, akaongezwa damu, na kufikia siku ya tatu akaweza kusema maji. Mume wangu na mimi tulipimwa pia. Daktari, mwanamke kijana aliyeongea polepole, alitueleza kwamba mtoto ana sikoseli, na kwamba damu imeziba njia kichwani ndiyo maana upande mmoja umelegea. Akasema ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili, mmoja peke yake hatoshi. Kwa hivyo ile damu niliyoificha nisirudishwe Ahero ilikuwa pia ya Bondo. Niliyemwogopa, wa kunirudisha kwetu, hakuwapo.

Kisha akaniuliza, "Mama, alipokuwa mchanga, mikono na miguu iliwahi kuvimba?"

Mama mkwe alikuwa amefika asubuhi hiyo, amesimama karibu na kitanda. Nikasema sikumbuki. Mimi, ninayekumbuka bei ya vitambaa vya miaka kumi iliyopita. Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alisema ilivimba, alikuwa na miezi saba, hospitali wakasema ni baridi, na yeye akadhani ni jina. Daktari hakumkemea. Alisema tu kwamba hapo ndipo tulipopaswa kurudi hospitali na kudai damu ipimwe, kwa sababu zipo dawa za kila siku na kliniki ya kila mwezi, na mtoto aliyeanza mapema mara nyingi huepuka haya.

Tulipotoka kukaa kwenye benchi nje ya wodi, mama mkwe alinishika mikono yote miwili. Alizoea kuniita nyar Kano, binti wa Kano, hata akiwa amekasirika.

"Nyar Kano," alisema, "nisamehe. Mtoto alikuwa anaumwa, mimi nikakaa naita wafu."

Nafasi ilikuwa hiyo. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta chai, hakuna aliyetusikiliza. Hata uongo wangu kwamba wamesema ni baridi bado aliuamini, akaona kosa ni lake kwa kutosisitiza. Ningeweza kusema yote kwa pumzi moja. Nikafungua mdomo huu usiopumzika, na kilichotoka ni hiki:

"Nimekusamehe, Mama."

Akanishukuru.

Binti yangu sasa anakaribia miaka tisa. Mguu unaburuta kidogo, anaandika kwa kushoto, na kliniki hatukosi hata mwezi mmoja. Mama mkwe hakuita tena majina. Wajukuu wengine wakilia yeye ndiye wa kwanza kuvaa viatu, anasema hospitali, twendeni hospitali, na akiulizwa kwa nini ana haraka hivyo anajibu kwamba aliwahi kumlemaza mtoto. Mara mbili nimekwenda Bondo nimekusudia kumwambia. Mara zote mbili nimerudi na mahindi mabichi aliyonifungashia.

Mwezi uliopita kina mama wa kanisa lake walikuwa na siku yao, akatualika. Alisimama mbele, na fimbo yake, akatoa ushuhuda. Alisema msifanye kama mimi, mjukuu wangu amepoteza mkono kwa ajili ya ujinga wangu, na kama si moyo wa mama yake ningekuwa nimekufa kwa aibu. Wanawake wakaanza kufuta machozi. Kisha akanitafuta kwa macho kati ya viti, akaniomba nisimame, wamwone mke wa mwanawe aliyemsamehe. Nikasimama. Binti yangu akanishika sketi kwa ule mkono wa kushoto, na kanisa zima likatupigia makofi.